Ramani Ilichorwa Mbali: Kwa Nini Vijana Wakimbizi Twende Bungeni Kuhusu Ujenzi

Zamu hii tunaandika sisi wa Kalobeyei. Wiki hii hatuzungumzii mgao, wala nafasi za kusoma nje. Tunazungumzia tenda za ujenzi. Tunajua wengine mtasema, "Tenda? Hayo si mambo ya wakubwa?" Ngojeni kwanza. Someni hadi mwisho, halafu mtukosoe.

Kuna shule moja ya msingi, jina lake tutaliacha, ambayo iliongezewa madarasa manne. Baadhi yetu tulifanya kibarua pale: kubeba mchanga, kuchanganya simiti, kupitisha tofali. Wakati msingi unachimbwa, mzee wetu mmoja, fundi aliyejenga miaka mingi huko Uvira kabla ya kukimbia, alimwendea msimamizi wa mjengo akamwambia, "Kijana wangu, milango hii inatazama kule maji yanakotoka. Mvua ikinyesha, laga litapita humu humu. Geuzeni milango, ama muinue sakafu mistari miwili ya tofali."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza, akakuna kichwa, akajibu, "Mzee, unasema kweli. Lakini mimi nafuata ramani."

Tukamuuliza ramani ilichorwa na nani. Hakujua. Tukamuuliza nani anaweza kuibadilisha. Akatueleza: yeye aandikie ofisi ya mkandarasi, mkandarasi amwandikie mshauri, mshauri amwandikie mwenye mradi, mwenye mradi aombe idhini kwa mfadhili. "Na jibu likirudi," akasema, "muda wa kandarasi utakuwa umekwisha, na sisi tutakatwa pesa."

Basi madarasa yakajengwa kama ramani ilivyosema. Yakapakwa rangi, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, maji yakaingia kwa mlango kama mgeni aliyealikwa. Watoto walipanda juu ya madawati. Vitabu vya darasa la nne vilianikwa juani siku tatu. Mzee hakusema "niliwaambia." Alikuja na koleo akawasaidia walimu kutoa matope.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto watano, alikuwa amejenga nyumba kwa ule mpango wa fedha za makazi ulioanza hapa Kalobeyei mwaka 2018, ambapo familia inapewa pesa kwa awamu kupitia benki na kutafuta fundi yenyewe. Mama huyu hakusoma sana. Lakini kila asubuhi aliketi juu ya jerikeni akihesabu tofali. Fundi alipotaka kuweka mlango upande wa upepo, mama alikataa, na mlango ukahama siku hiyo hiyo. Sakafu aliinua. Simiti ilipoletwa mfuko mmoja pungufu, lori halikuondoka mpaka mfuko ulipopatikana. Mvua ile ile iliyoingia darasani haikuingia kwake.

Tulikaa tukajiuliza: tofauti ni nini? Simiti ni ile ile. Udongo ni ule ule. Mafundi, wengine walikuwa wale wale! Tofauti ni kwamba upande mmoja aliyejua tatizo alikuwa na haki ya kusema "hapana, hamisha mlango," na upande wa pili hakuwa nayo. Na haki hiyo haikutokana na tabia njema ya mtu. Ilitokana na namna kandarasi ilivyopangwa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza.

Njia za kujenga si moja

Majengo mengi ya umma hufuata mpango wa hatua tatu. Kwanza mtaalamu anachora. Kisha tenda inatangazwa, na mara nyingi anayetimiza masharti kwa bei ya chini ndiye anayepewa kazi. Halafu mkandarasi anajenga alichokuta kwenye karatasi. Chora, tangaza, jenga.

Mpango huu haukubuniwa na wajinga. Ulibuniwa ili kuzuia wizi. Anayechora si anayejenga, anayelipa si anayepokea, na bei zinashindanishwa mbele ya watu. Hilo ni jambo zuri na hatulibezi. Shida ni kwamba kila hatua inafungwa kabla ya nyingine kufunguliwa. Anayejua kujenga anafika wakati michoro imeshapigwa muhuri. Na atakayetumia jengo, yule mwalimu, yule mtoto, yule mama wa kufagia, anafika siku ya utepe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunalala, mwingine anachonga kitanda, na kunguni hatuulizwi.

Duniani kuna njia nyingine, na si siri. Kuna kandarasi moja ya kuchora na kujenga kwa pamoja, ambapo timu moja inawajibika kwa vyote viwili, kwa hiyo hakuna wa kusema "mimi nafuata ramani ya mwingine." Kuna njia ya kumleta mjenzi mezani mapema, wakati wa kuchora, aseme kipi kitawezekana na kwa bei gani. Kuna njia ya taasisi kununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa mahali pale. Kuna njia ya kuikabidhi jamii mradi mdogo, ikachagua kamati na kusimamia. Na kuna njia ya yule mama wa jerikeni, ya kumpa mwenye nyumba pesa na kumwekea mtaalamu wa kumshauri.

Hakuna njia iliyo dawa ya kila ugonjwa. Daraja la kuvuka mto Tarach hatutaki lijengwe na kamati ya kijiji, asanteni. Lakini vyoo vya shule, darasa la ghorofa moja, mfereji wa maji, uzio wa zahanati? Kwa nini kila kitu kipite mlango mmoja?

Kwa nini hili ni jambo la sheria

Mtu anaweza kusema: basi ongeeni na shirika au na kaunti, wabadilishe. Tumejaribu kuongea. Jibu tunalopata, mara nyingi kwa upole kabisa, ni: "Wazo zuri, lakini utaratibu wa ununuzi hauruhusu." Na kwa pesa za serikali, utaratibu wa ununuzi ni sheria. Afisa wa ununuzi akitumia njia ambayo sheria haimpi, mkaguzi anamjia. Hata kama jengo limesimama vizuri, yeye ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo tusimlaumu afisa. Twende kwa waliomwekea mipaka.

Hili si jambo la wakimbizi peke yao wala la Afrika peke yake. Marekani, nchi yenye mainjinia wa kila aina, ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1972 bunge lao lilipitisha sheria iitwayo Brooks Act, iliyotaka wasanifu na mainjinia wa kazi za serikali kuu wachaguliwe kwanza kwa ujuzi, ndipo bei izungumzwe. Kuchora kukawa na mlango wake, na kujenga mlango wake. Waliotaka kandarasi moja ya kuchora na kujenga walilazimika kuipigania. Mwaka 1993 walianzisha taasisi yao, Design-Build Institute of America, na mwaka 1996 sheria ya nchi nzima ikafungua rasmi utaratibu wa hatua mbili wa kuwapata watu wa kandarasi hiyo. Katika majimbo mengi walienda kubisha hodi bunge moja baada ya jingine. Tunalotaka kuwaonyesha ni hili: namna ya kujenga hubadilika pale watu wanapokwenda kubadilisha sheria. Haibadiliki kwa malalamiko ya chini ya mti.

Kenya nayo ina Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Tuliisoma. Ndiyo, kwenye simu, usiku, intaneti ikiwa nafuu. Sheria ile si mbaya kama tulivyodhani. Tenda ya wazi ndiyo njia kuu, lakini pembeni yake kuna njia nyingine: tenda ya hatua mbili, mashindano ya usanifu, mikataba ya muda mrefu ya bei zilizokubaliwa, na hata ile njia ya serikali kufanya kazi yenyewe. Ila ukiisoma hiyo ya mwisho vizuri, inazungumzia watumishi wa umma na vifaa vya umma. Fundi wetu wa Uvira si mtumishi wa umma. Mlango upo, lakini yeye hapiti.

Kuna pia ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tuliposikia "vijana" tulifurahi. Tulipofika kwenye fomu, tukakuta inataka kitambulisho cha taifa. Furaha ikaishia hapo. Hatusemi vijana wa Kenya wanyang'anywe nafasi yao, hasa vijana wa Turkana ambao wamesubiri maendeleo miaka mingi kuliko sisi. Tunasema tu: kama jengo ni la watu wote wa hapa, patafutwe namna watu wote wa hapa waweze kulijenga.

Na wakati wa kusema ni huu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi au biashara, peke yake au kwa kikundi, na kutumia taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa. Mwaka 2025 Kakuma ilipewa hadhi ya manispaa. Machi mwaka huo huo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Manispaa maana yake ni barabara, soko, shule, mifereji, taa. Yaani ujenzi. Pesa hizo zitapita njia gani? Zikipita njia ya zamani tu, tutapata majengo mapya yenye milango inayotazama laga.

Majirani wanafanyaje

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno wanalolijua hata watoto wa shule: fosi akaunti. Shule au halmashauri inapewa pesa, inanunua vifaa yenyewe, inaajiri mafundi wa mtaani, na kunakuwa na kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi ya vifaa. Mwaka 2021 Tanzania ilianza kampeni ya kujenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19, yakiwemo 12,000 ya sekondari, na mengi yake yalijengwa kwa njia hiyo. Kwa muda mfupi fundi wa kijijini alipata kazi kijijini kwake.

Lakini ndugu zetu wa Nyarugusu wanatukumbusha jambo zito. Wao wako katika nchi hiyo hiyo ya fosi akaunti, na bado hawamo ndani yake. Hata mpango wa fedha taslimu badala ya chakula ulisimamishwa kambini kwao mwaka 2017. Kwa hiyo njia nzuri ya kujenga haitoshi. Lazima sheria iseme pia ni nani anayehesabiwa kuwa jamii. Hili tuliweke kichwani, tutalirudia.

Uganda nako, kupitia mradi wa DRDIP wa Benki ya Dunia uliosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu katika wilaya zinazopokea wakimbizi, jamii ilichagua kamati ya kusimamia mradi, kamati ya ununuzi, na kamati ya kufuatilia uwajibikaji. Ndugu zetu walioko huko wanasema haikuwa peponi. Kulikuwa na ucheleweshaji, kulikuwa na maneno ya kamati. Lakini wanasema pia kwamba mtu aliweza kumwuliza jirani yake, "Simiti ya choo iko wapi?" na jirani akalazimika kujibu. Sisi hapa simiti ikipotea hatujui hata pa kuulizia.

Tunajua hatari zake

Hatutaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma watakuwa na maswali, na maswali yao ni ya haki.

La kwanza, wizi. Kamati ya jamii inaweza kuiba kama mkandarasi anavyoweza kuiba. Tanzania kwenyewe, ripoti za Mkaguzi Mkuu zimewahi kuonyesha udhaifu katika miradi ya fosi akaunti: usimamizi hafifu, kumbukumbu pungufu, manunuzi yasiyofuata taratibu. Tukitaka njia hii, tukubali na ukaguzi wake. Risiti zibandikwe ukutani. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kamati ibadilishwe kwa muda maalumu. Na mtu wa kamati akila pesa ashtakiwe kama mtu yeyote, asifichwe kwa sababu ni "mwenzetu."

La pili, usalama. Paa likianguka juu ya watoto, hakuna atakayejali kandarasi ilikuwa ya aina gani. Hapa hatubishani kabisa. Kila jengo la umma liwe na injinia aliyesajiliwa anayekagua msingi, nguzo na paa, na asiwe ameajiriwa na kamati wala na mkandarasi. Mama wa jerikeni alijua upepo unatoka wapi. Hakujua nondo ya milimita ngapi inabeba lenta. Ujuzi wake na ujuzi wa injinia, vyote viwili vinahitajika, na kosa la sasa ni kwamba kimoja tu ndicho kinacholipwa na kusikilizwa.

La tatu, na hili ndilo gumu zaidi: wenyeji wetu. Kijana wa Kiturkana akisikia wakimbizi wanadai tenda, atauliza, "Na sisi?" Ana haki ya kuuliza. Ardhi ni yake, ukame ni wake, na yeye pia alibeba mchanga pale shuleni kwa pesa ile ile ya kibarua. Tena yeye ndiye aliyetuambia laga linapita wapi, maana babu yake alichunga mbuzi hapo. Kwa hiyo ombi letu lisiwe la wakimbizi peke yao. Kamati ziwe za pande zote mbili. Ombi lisainiwe na pande zote mbili. Tukienda peke yetu tutashindwa, na hata tukishinda tutakuwa tumepanda ugomvi.

La nne, kazi ya bure. Wengine wakisikia "ushiriki wa jamii" wanasikia "watu wajitolee." Hapana, jamani. Mwaka 2025 mgao ulikatwa vibaya na kazi za posho zikapungua. Mtu mwenye njaa usimwambie ajitolee kuchimba msingi ili jengo liwe "lake." Fundi alipwe ufundi. Kibarua alipwe kibarua. Tunaomba nafasi ya kuamua na kulipwa, hatuombi jina zuri la kufanyishwa kazi bila malipo.

Tunachoomba

Baada ya kubishana jioni nyingi, tumekubaliana mambo matano. Yakosoeni.

Kwanza, sheria ya ununuzi au kanuni zake zitambue wazi kandarasi ya jamii kwa kazi ndogo zisizo ngumu katika maeneo wanakoishi wakimbizi na wenyeji. Kiwango cha juu cha pesa kiwekwe, ili isitumiwe kukwepa tenda kwa miradi mikubwa.

Pili, neno "jamii" lifafanuliwe. Liseme wakaazi wa eneo hilo, wakimbizi na wenyeji. Tumeona Nyarugusu kinachotokea neno hilo likiachwa wazi.

Tatu, kwa miradi mikubwa itakayoendelea kupitia tenda ya kawaida, ramani isipigwe muhuri kabla haijabandikwa mahali pa wazi na kuzungumzwa barazani na watakaotumia jengo. Na msimamizi aliyeko pale apewe mamlaka ya kukubali mabadiliko madogo yasiyoongeza gharama kupita kiwango fulani. Kugeuza mlango kusihitaji barua nne.

Nne, kila mjengo wa umma uwe na bango lenye lugha tunazosoma: bei, mkandarasi, tarehe ya kumaliza, na namba ya kulalamikia. Bango la sasa mara nyingi lina nembo nyingi na habari kidogo.

Tano, ujuzi utambuliwe. Fundi mkimbizi aruhusiwe kufanya mtihani wa ufundi wa NITA kwa kadi yake ya mkimbizi bila kuzungushwa, na cheti hicho kikubalike kwenye kazi za umma hapa. Mzee wetu ana miaka mingi ya kujenga mikononi, lakini kwenye karatasi ni kibarua.

Mlango uko wapi

Sasa tunafika pale ambapo wengi wetu hukata tamaa. "Sisi ni wakimbizi. Hatupigi kura. Mbunge atatusikiliza kwa nini?"

Tulidhani hivyo pia. Halafu mmoja wetu akafungua Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 119. Inasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Someni tena neno la kwanza: kila mtu. Haikusema kila raia. Katiba ile ile, inapozungumzia kupiga kura, inasema raia. Walioiandika walijua tofauti. Hapa waliandika mtu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Letu liko Lodwar.

Tena utaratibu wake si mgumu kama wa kuomba nafasi ya chuo. Ombi la Bunge la taifa linaweza kuandikwa kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, ndugu zangu! Lugha hii hii tunayobishania. Lugha yake iwe ya heshima. Lieleze kama mmeshajaribu kwenda kwenye ofisi inayohusika na mlijibiwa nini. Liseme kama suala hilo liko mahakamani au la. Limalizie kwa kusema wazi mnaomba nini. Na waombaji waweke majina, anwani, namba za kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Kwa hiyo hata mama zetu ambao kalamu haikuwafikia wanaweza kuweka jambo lao mbele ya Bunge.

Hatuwadanganyi kwamba ombi moja litabadilisha sheria. Linaweza kukaa kwenye kamati. Linaweza kukataliwa. Lakini ombi lililopokelewa linaandikwa kwenye kumbukumbu, na mradi ujao ukija, hakuna atakayeweza kusema "jamii haikuwahi kulalamika." Tunaanza na Lodwar kwa sababu ni karibu na kwa sababu bajeti ya kaunti ndiyo itakayojenga mifereji yetu. Kisha Nairobi.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika

Tumezungumza sana kuhusu Bunge, lakini neno letu la mwisho ni kwenu, na tunalisema kwa heshima. Sheria ya ununuzi ya serikali inabana pesa za serikali. Kanuni za ununuzi za shirika lenu mmeziandika wenyewe, ama zimeandikwa na makao makuu yenu. Hapo hamhitaji bunge lolote. Mnahitaji mtu mmoja ofisini aandike barua kusema: kwa vyoo hivi vinane, hebu tujaribu kamati ya wakaazi na injinia wa kukagua, tulinganishe gharama na ubora na vile vinane vya mkandarasi.

Mkishajaribu, tupeni hesabu. Ziwe nzuri au mbaya, tupeni. Tukienda Lodwar na hesabu za kweli tutasikilizwa kuliko tukienda na hasira.

Mlipoleta Bamba Chakula hapa, kuna waliosema wakimbizi watanunua ovyo. Watu walinunua walichohitaji, na wafanyabiashara wakaota sokoni. Mlipoleta fedha za makazi, kuna waliosema watu watakula pesa na kubaki kwenye turubai. Nendeni mkaone nyumba. Mara mbili mmetuamini na hatukuwaaibisha. Tunaomba mara ya tatu, kwa madarasa ya watoto wetu.

Kazi ya wiki hii

Ndugu vijana, tusimalizie kwa kupiga "like" na kupita. Tunawaomba mambo matatu. Mtembelee mjengo wowote wa umma ulio karibu nanyi, muulize swali moja: "Nani anaweza kubadilisha ramani hii?" Mtuletee jibu. Mtafute kijana mmoja mwenyeji, si mkimbizi, msome naye mambo matano hapo juu, mtuambie alikubali lipi na alikataa lipi. Na wale wa Nakivale na Nyarugusu, mtuandikie sheria ya kwenu inasema "kila mtu" au "kila raia," maana tunataka kujua mlango wenu uko wapi.

Rasimu ya ombi tutaanza kuiandika Jumamosi, saa kumi jioni, chini ya mti ule wa karibu na bomba la maji, Kijiji cha Kwanza. Mzee wetu wa Uvira amesema atakuja. Tulimwuliza angependa tuandike nini kwanza. Akafikiri kidogo, akasema, "Andikeni kwamba madarasa yale bado yanaingia maji. Mengine yote yafuate hapo."